Mahakama Isiyoonekana Jukwaani: Sahihi ya Kughushi, Hukumu ya Umma na Suala la Dhamana katika Tamthilia Mbili za Henrik Ibsen

Utangulizi

Dawa ya deni ni kulipa. Methali hii inatosha pale ambapo mkopaji na mkopeshaji wamekutana kwa uwazi, kila mmoja akijua anachotoa na anachopokea. Haitoshi pale ambapo mkopo wenyewe ulipatikana kwa hila. Mtu aliyekopa kwa sahihi ya uongo, kisha akalipa kila awamu bila kukosa, anaweza kuzimaliza fedha zote alizokopeshwa na bado akabaki na deni jingine. Deni hilo la pili hulipwa vipi, na ni nani aliye na mamlaka ya kutangaza kwamba limekwisha: mahakama, umma, au mkosaji mwenyewe?

Makala haya yanadhamiria kulichunguza swali hilo katika tamthilia mbili za Henrik Ibsen (1828-1906), mtunzi wa Norway. Ya kwanza ni Et dukkehjem, yaani nyumba ya mwanasesere, iliyochapishwa Copenhagen tarehe 4 Desemba 1879 na kuigizwa huko huko tarehe 21 mwezi huo. Tamthilia hii inafahamika vyema nchini Kenya kwa jina lake la Kiingereza, A Doll's House, kwa kuwa imewahi kutahiniwa katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne. Ya pili ni John Gabriel Borkman, iliyotolewa mwaka wa 1896.

Aghalabu, mjadala wa darasani kuhusu Et dukkehjem hujikita katika ukombozi wa mwanamke, na kosa la Nora la kughushi huchukuliwa kuwa kichocheo tu cha msuko. Mtazamo huo una mashiko, lakini una athari moja isiyofaa: kosa likifanywa jepesi, na uamuzi wa Nora wa mwishoni nao huwa mwepesi. Hoja ya makala haya ni kwamba Ibsen analichukulia kosa hilo kwa uzito wote, na kwamba anatenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa. Sheria huhukumu sahihi. Umma huhukumu jina. Kinachomwezesha mkosaji kuishi tena miongoni mwa watu ni kitu cha tatu, nacho ni dhamana.

Kutoka Venisi hadi Sebuleni

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili tayari anayo picha moja ya deni mbele ya mahakama. Ni ile iliyomo katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya The Merchant of Venice iliyochapishwa mwaka wa 1969. Humo Antonio amemdhamini rafiki yake kwa ducat 3,000, na rehani ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Mkataba ni wa kikatili, lakini ni wa kweli, kwa kuwa hakuna anayedai kwamba sahihi ni ya uongo. Kwa hiyo Shakespeare anaweza kuuleta mgogoro wote mahakamani, akamsimamisha Portia katika vazi la mwanasheria, na kumaliza shauri katika onyesho moja. Mshindi anajulikana, naye aliyeshindwa anaondoka akiwa amepoteza mali, na hata dini yake.

Ibsen hafanyi hivyo. Katika Et dukkehjem kuna wanasheria wawili, benki moja, hati moja ya deni na kosa la jinai lililo bayana. Mahakama haimo. Hakuna hakimu anayeingia jukwaani wala askari anayebisha mlango. Matendo yote matatu yanatendeka katika sebule moja, kuanzia mkesha wa Krismasi, na kinachobishwa ni sanduku la barua. Kuiondoa mahakama jukwaani ni uamuzi wa kisanaa wenye maana. Mtunzi anataka hadhira iione hukumu ile nyingine, isiyo na jengo, isiyo na rufani, na ambayo mkosaji huanza kuitumikia kabla hata hajashtakiwa.

Sahihi na Tarehe

Kosa lenyewe linasimuliwa kwa usahihi wa mwanasheria. Mume wa Nora, Torvald Helmer, aliugua vibaya mwanzoni mwa ndoa yao, na madaktari wakashauri apelekwe nchi ya joto. Nora akakopa speciedaler 1,200, sawa na kroner 4,800, kutoka kwa Krogstad, naye mumewe akapona nchini Italia akiamini kwamba fedha zilitoka kwa mkwewe. Krogstad alitaka baba yake Nora awe mdhamini. Mzee alikuwa mahututi, na Nora akaitia sahihi hiyo mwenyewe. Kilichomfichua ni tarehe: baba alifariki tarehe 29 Septemba, ilhali sahihi yake ni ya tarehe 2 Oktoba. Marehemu ametia mkono siku tatu baada ya kufa.

Kiswahili kina neno moja, sahihi, kwa alama ya mkono wa mtu na kwa jambo lililo kweli. Uhusiano huo unasaidia kuielewa tamthilia hii. Anayetia sahihi anatoa ukweli wake uwe rehani, na mdhamini anautoa wake kwa ajili ya mwingine. Msomaji wa Kenya aliyezoea vyama vya akiba na mikopo, ambamo wanachama hudhaminiana kwa sahihi zao, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Jina la mdhamini likighushiwa, kinachoibwa ni zaidi ya fedha, kwa kuwa mtu amesemeshwa neno ambalo hakulisema.

Nora haoni hivyo mwanzoni. Anashangaa kwamba sheria inaweza kumwadhibu binti aliyetaka kumwepushia babake wasiwasi, au mke aliyetaka kuyaokoa maisha ya mumewe. Krogstad anamjibu kwamba sheria haiulizi nia. Mgongano huu ulikuwa katika fikra za Ibsen tangu alipoandika madokezo yake ya awali mjini Rome mwezi Oktoba 1878. Humo alieleza kwamba kuna sheria mbili za dhamiri, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, na kwamba mwanamke huhukumiwa kwa ile ya wanaume. Mke aliyeghushi, kwa mujibu wa madokezo hayo, alijivunia alichotenda kwa sababu alikitenda kwa upendo.

Ni vyema kuyapima madokezo hayo kwa historia. Mwanamke aliyeolewa nchini Norway hakutambuliwa kisheria kuwa mtu mzima mwenye mamlaka juu ya mambo yake hadi mwaka wa 1888, miaka tisa baada ya tamthilia kutolewa. Bi Linde analigusia jambo hili katika tendo la kwanza anapomkumbusha Nora kwamba mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe. Sheria iliyoifunga njia iliyonyooka ndiyo hiyo hiyo inayoiadhibu njia iliyopinda. Hata hivyo, Ibsen haruhusu ukweli huu uifute hati. Tarehe ya 2 Oktoba inabaki pale pale. Nora anaonewa na sheria, na wakati huo huo amekosa. Tamthilia inakataa kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Krogstad: Adhabu Isiyo na Kikomo

Mhusika anayeonyesha jinsi umma unavyohukumu ni Krogstad. Yeye naye aliwahi kughushi. Kesi yake haikufika mahakamani, kwa kuwa aliponyoka kwa hila, lakini njia zote zikafungwa mbele yake, na ndipo alipoingia katika ukopeshaji wa fedha. Laiti angehukumiwa, angalau angalijua adhabu yake ni ya muda gani. Sasa anatumikia adhabu isiyo na tarehe ya kumalizika. Wanawe wanakua, naye anataka kuirudisha heshima yake kwa ajili yao. Kazi ndogo aliyo nayo benki ndiyo ngazi ya kwanza ya kupandia.

Helmer, mkurugenzi mpya wa benki hiyo, anaamua kumwachisha kazi. Sababu anazozitoa kwanza ni za kimaadili: Krogstad angeweza kuinuka tena kama angekiri na kuipokea adhabu, lakini alichagua kujificha, na mtu anayejificha huitia sumu hewa ya nyumba yake na kuwaharibu watoto wake. Katika tendo la pili sababu ya kweli inajitokeza. Wawili hao walijuana ujanani, na Krogstad bado anamsemesha Helmer kwa lugha ya marafiki mbele ya watu. Helmer anakiri kwamba udhaifu wa kimaadili angeweza kuuvumilia. Asiloweza kulivumilia ni huko kuzoewa. Hapa kinaya cha Ibsen kinakata pande zote mbili. Umma unaodai kuhukumu kosa, mara nyingi unahukumu usumbufu ambao mkosaji anauletea kwa kuwapo tu.

Ibsen alikuwa na sababu ya kuijua hali hii. Baba yake, Knud Ibsen, alikuwa mfanyabiashara wa mji wa Skien ambaye mali yake iliporomoka kwa madeni, na mwaka wa 1835, Henrik akiwa na umri wa miaka saba, familia ilihamia Venstøp, shambani nje ya mji. Si lazima tamthilia isomwe kama tawasifu, lakini ni dhahiri kwamba mtunzi hakujifunza vitabuni jinsi mji mdogo unavyomtazama mdaiwa.

Helmer na Moto wa Jiko

Kilele cha tamthilia ni barua mbili. Barua ya kwanza ya Krogstad inamfichulia Helmer kosa la mkewe. Helmer anamwita mnafiki, mwongo na mhalifu, anatangaza kwamba hatamwachia tena malezi ya watoto, na papo hapo anaamuru jambo lote lizimwe kwa gharama yoyote. Nora ataendelea kuishi nyumbani ili watu wasijue. Barua ya pili inaleta hati yenyewe, kwa kuwa Krogstad amebadili nia. Helmer anafurahi kwamba ameokoka, na anapoulizwa na Nora ndipo anapokumbuka kwamba mkewe naye ameokoka. Kisha anaichana hati pamoja na barua zote mbili na kuzitupa jikoni, akizitazama zikiungua.

Tendo hili linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanywa kwa kawaida. Mtu anayeteketeza hati ni mwanasheria na mkurugenzi wa benki. Siku mbili tu kabla yake alimhukumu Krogstad kwa sababu aliponyoka kwa hila badala ya kukiri. Sasa yeye mwenyewe anauharibu ushahidi wa jinai, tena bila kusita, na anaona kwamba kwa kufanya hivyo nyumba imetakasika. Ile hewa yenye sumu aliyoieleza katika tendo la kwanza ameipuliza kwa mdomo wake mwenyewe. Tofauti kati ya Helmer na Krogstad ni kwamba mmoja aligunduliwa na mwingine hakugunduliwa.

Hapo ndipo wakati wa Nora kuondoka unapopata maana yake kamili. Haondoki kwa kuogopa mahakama. Anaondoka baada ya hati kuwa majivu, wakati hakuna tena awezaye kumshtaki wala jirani anayejua lolote. Kwa kipimo cha Helmer, yuko salama. Yeye anaiona salama hiyo kuwa ndiyo kifungo, kwa sababu imejengwa juu ya uongo mkubwa kuliko ule wa sahihi. Kauli yake ya mwisho kuhusu sheria si ya kujitakasa. Hasemi kwamba hakukosa, wala hasemi kwamba jamii ina haki. Anasema kwamba hajui, na kwamba lazima ajue ni nani aliye na haki kati ya jamii na yeye. Hata kuwaacha watoto, jambo linalowaudhi wasomaji wengi, kunaonyesha kwamba ameikubali sehemu moja ya hukumu ya mumewe, kuwa hafai kuwalea kwa sasa, ingawa kwa sababu tofauti kabisa. Nora anajifungulia shauri upya na kuahirisha hukumu.

Mdhamini wa Kweli

Nora alikuwa akingoja kile anachokiita muujiza. Aliamini kwamba siri ikifichuka, Helmer angesimama mbele ya watu na kulibeba kosa kuwa lake. Aliogopa sana litokee hilo, hata akafikiria kufa ili kulizuia. Kwa lugha ya mkopo, Nora alitarajia mumewe awe mdhamini wake. Aliyeghushi jina la mdhamini wa kwanza alimtumainia wa pili kwa moyo wote, na wa pili akakataa kutia mkono.

Muujiza huo unatokea kwingine. Bi Linde anazungumza na Krogstad usiku wa tendo la tatu na kumwambia kwamba yuko tayari kuungana naye katika maisha. Analijua kosa lake, anaijua sifa yake mjini, na anayajua mateso anayomletea Nora kwa wakati huo. Anamwamini akiwa anayajua hayo yote. Ni baada ya kupata imani hiyo ndipo Krogstad anapoirudisha hati. Hii ndiyo dhamana pekee ya kweli katika tamthilia iliyojengwa juu ya dhamana ya uongo. Aidha, ni Bi Linde huyo huyo anayemzuia Krogstad kuiomba barua yake irudishwe kabla haijasomwa, kwa kuona kwamba siri lazima itoke. Mdhamini halifichi kosa la anayemdhamini. Husimama karibu naye kosa likiwa mezani.

Borkman: Hakimu wa Nafsi Yake

Miaka kumi na saba baadaye, Ibsen alilirudia suala hili kutoka upande wa pili. John Gabriel Borkman alikuwa mkurugenzi wa benki. Kosa lake si la kukopa kwa hila bali la kuzitumia amana za wateja kinyume cha sheria kwa mipango yake mikubwa ya migodi na meli. Yeye alifikishwa mahakamani na kufungwa miaka 5. Tamthilia inapoanza, amekwisha kutoka, na kwa miaka 8 ameishi orofani katika nyumba ambamo mkewe, Gunhild, anaishi chini bila kuonana naye. Hadhira inazisikia nyayo zake kabla ya kumwona. Sheria imekwisha kulipwa, lakini mtu bado amefungwa.

Borkman anaeleza kwamba katika upweke huo ameirudia kesi yake tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa mshtaki, mtetezi na hakimu, na akajiona hana hatia ila kwa nafsi yake. Kila mlango unapobishwa, hujiweka katika mkao wa Napoleon, akitazamia ujumbe wa watu waliokuja kumsihi arudi benki. Hapana anayekuja, isipokuwa Foldal, karani mnyonge aliyepoteza akiba yake katika anguko hilo na bado akabaki rafiki. Urafiki wao ni wa kudhaminiana kwa uongo: Foldal anakubali kwamba Borkman atarudi madarakani, na Borkman anakubali kwamba Foldal ni mshairi. Siku Foldal anapotia shaka, Borkman anamvunjia ndoto yake, na dhamana zote mbili zinafutika. Borkman anakufa nje, katika baridi ya usiku wa theluji.

Ulinganisho unajieleza. Krogstad aliikwepa mahakama akahukumiwa na umma. Borkman alihukumiwa na mahakama, akaukataa umma, akajiachilia huru mwenyewe. Wote wawili walikosa kitu kile kile, yaani mtu anayeujua ukweli wote na bado akawadhamini. Krogstad alikipata. Borkman alikuwa nacho mkononi, kwa kuwa Ella Rentheim alimpenda na aliwahi kumwamini kwa mali yake, lakini alikuwa amemtoa Ella zamani ili kupata cheo.

Laura Kieler na Deni la Mtunzi

Uhakiki huu ungekuwa na upungufu kama ungeishia ndani ya tamthilia. Msingi wa kisa cha Nora ni mwandishi Laura Kieler (1849-1932), ambaye Ibsen alifahamiana naye. Mumewe alikuwa na kifua kikuu, naye akakopa kwa siri ili kumpeleka Italia. Deni lilipomlemea, mwaka wa 1878 alimpelekea Ibsen muswada, akiomba aupendekeze kwa mchapishaji. Ibsen alikataa. Laura akajaribu kughushi hati ya malipo, akagunduliwa, akatengwa na watoto wake, na mumewe akampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hatimaye alirudi kwa mume huyo.

Tofauti na Nora ni kubwa. Nora alifunga mlango nyuma yake; Laura alifungiwa. Tena, tamthilia ilipopata umaarufu, watu walimtambua, na hukumu ambayo huenda ingalififia ikawa inaigizwa kila msimu. Baadaye alimwomba Ibsen atamke hadharani kwamba yeye si Nora, na Ibsen hakufanya hivyo. Mara mbili, basi, mtunzi aliombwa dhamana na mwanamke aliyekosa, na mara mbili akainyima. Hili haliipunguzii tamthilia ubora wake. Linaonyesha kwamba fasihi nayo ni sehemu ya baraza la umma, na kwamba kalamu inayowatetea wakosaji kwa jumla inaweza kumsahau mkosaji mmoja aliye hai.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika tamthilia hizi mbili udanganyifu wa fedha ni kosa la kweli, lenye tarehe, kiasi na waathiriwa, na kwamba kulipuuza ni kumpuuza Nora mwenyewe. Imebainika kwamba mahakama, hata inapoonea, ina jambo moja jema: hukumu yake ina mwisho. Hukumu ya umma haina mwisho, kwa kuwa haikuanza na kosa wala haitegemei kosa peke yake. Kujihukumu faraghani nako, kama alivyofanya Borkman, hakumfungulii mtu mlango.

Mwalimu anayeifundisha Et dukkehjem angefanya vyema kuwauliza wanafunzi, kabla hawajamshangilia au kumlaumu Nora, ni nani kati ya wahusika angekuwa tayari kutia sahihi yake kwa ajili ya mtu anayemjua kuwa amekosa. Katika nyumba ile, aliyekuwa tayari ni mmoja tu, mjane maskini aliyefika mjini kutafuta kazi.